Nje ya ulimwengu kuna nini? Jibu kwa fundi wa Mwaloni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Mwaloni, Kirumba. Kipindi cha giza huwa natoka na wavuvi wa dagaa, maana injini ikigoma usiku katikati ya ziwa lazima fundi awepo. Nimesikia redioni kwamba ulimwengu unapanuka. Ninavyojua mimi, kitu kikipanuka lazima kipate nafasi ya kupanukia. Sasa ulimwengu unapanukia wapi? Huko nje kuna nini, giza tupu au malimwengu mengine? Mzee wangu wa kazini ananiambia niachane na swali hili, ni kufuru. Naomba jibu la kitaalamu, usinifiche kitu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali hili wanafunzi wangu wa fizikia huniuliza kipindi kikishakwisha, wenzao wametoka darasani, na naliheshimu kuliko mengi yaliyomo kwenye mtihani. Nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu neno “nje” ulivyolitumia limebeba mambo zaidi ya moja. Kwa mengine tuna vipimo, kwa mengine tuna hoja, na kwa mengine tunakisia tu. Ukiyachanganya, hutajua lipi la kuamini.

Anza na kile unachokiona mwenyewe. Ukisimama kwenye mtumbwi katikati ya ziwa, macho yako yakiwa mita 2 hivi juu ya maji, upeo wa macho uko kilomita 5 kutoka ulipo. Piga hesabu ya duara hilo: halifiki hata kilomita za mraba 80, na ziwa letu lina karibu 68,800. Mtumbwi mwingine ulio upande wa Ukerewe una duara lake, na waliomo wanaona maji ambayo wewe huyaoni. Hakuna kati yenu aliyefika mwisho wa ziwa. Ulimwengu tunaouona kwa darubini ni duara la namna hiyo, isipokuwa kinachotukatia sisi upeo ni muda, wala si mviringo wa dunia. Nuru husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na tangu ulimwengu uanze kutanuka kutoka hali ile ya joto kali imepita miaka bilioni 13.8. Nuru inayohitaji muda mrefu kuliko huo ili itufikie, bado iko njiani.

Hapa wengi husema basi mpaka uko umbali wa miaka ya nuru bilioni 13.8 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Sivyo. Nuru ilipokuwa inakuja, nafasi iliyokwisha kuivuka iliendelea kutanuka nyuma yake. Vile vitu vilivyotoa nuru ya kale kabisa tunayoipokea, leo viko umbali wa miaka ya nuru kama bilioni 46, kila upande. Na nje ya hapo? Kwa maana hii ya kwanza ya “nje” nakujibu bila kusita: kuna galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, kuna gesi na giza katikati yake, kama huku kwetu. Kokote tunakoelekeza darubini, tukichukua eneo kubwa vya kutosha, wastani wa galaksi ni uleule. Hazipungui tukielekea upande wowote, kama ambavyo zingepungua kungekuwa na ukingo karibu. Kama yupo mtu kwenye galaksi iliyo kwenye upeo wetu, kwake yeye sisi ndio tulio kwenye upeo, na anajiuliza kama kuna chochote zaidi yetu.

Jambo hili la kuona vitu vilivyokwisha kupita unaweza kulishuhudia kazini kwako. Mwezi wa Desemba, usiku usio na mwezi, mawingu yakiwaachia na taa za dagaa zikiwa bado hazijawashwa, angalia anga kati ya saa tatu na saa nne. Kaskazini magharibi tafuta doa hafifu kama ukungu: hiyo ni galaksi ya Andromeda, na nuru yake iliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Geuka kusini mashariki, chini kidogo, utaona Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Watu wa Ulaya hawawezi kuliona wingu hilo wakiwa kwao, liko chini ya upeo wao daima. Sisi tulio karibu na ikweta tunaona vyote viwili kwa usiku mmoja, bila darubini.

Sasa nije kwenye kupanukia, maana naona hapo ndipo panapokusumbua. Uzoefu wako ni sahihi kwa vitu vilivyomo ndani ya nafasi: pistoni ikipata moto inatanuka na kusogeza kilicho pembeni. Lakini tunaposema ulimwengu unapanuka, tulichokipima ni kimoja tu: umbali kati ya galaksi na galaksi unaongezeka. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji aliliandika hilo mwaka 1927, na Edwin Hubble akatoa vipimo vyake mwaka 1929. Kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26, kasi ya kuachana huongezeka kwa kilomita kama 70 kwa sekunde. Hicho ndicho kipimo. Milinganyo ya Einstein ya mwaka 1915, tunayotumia kueleza kipimo hicho, inahusu umbali kati ya vilivyomo. Ukiipekua yote, hutaona herufi hata moja inayosimama badala ya chumba ambamo ulimwengu umewekwa. Hesabu inatoka sawasawa bila chumba hicho.

Najua jibu hili haliridhishi mara ya kwanza. Lifikirie hivi: kama nafasi haina mwisho leo, na umbali wote ukiongezeka mara mbili, kesho bado haina mwisho. Haikuhitaji kuchukua eneo la mtu. Na ule Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa kutanuka niliokutajia juu, usiuwazie kama bomu lililolipuka mahali fulani ndani ya giza lililokuwa linasubiri. Ulitokea kila mahali kwa pamoja, pakiwemo hapo ulipokaa unasoma.

Kuhusu giza tupu, naomba utulie hapa kidogo. Giza tupu lenye urefu, upana na umbali ni nafasi. Kama unaweza kusafiri ndani yake kilomita moja, basi tayari ni sehemu ya ulimwengu, hata kama halina nyota hata moja. Kwa hiyo “nje ya ulimwengu kuna utupu” inajipinga yenyewe. Ama huko kuna nafasi, na hapo bado hujatoka nje, ama hakuna nafasi, na hapo maneno kama “huko” na “umbali gani” hayana kitu cha kushika. Si kwamba nakukwepa. Yapo maswali yenye sarufi nzuri lakini yasiyo na kitu cha kupimwa, na kuyatambua ni sehemu ya kazi yetu.

Je, tunaweza kujua umbo la ulimwengu wote tukiwa ndani? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na mimi hapa huwa nastaajabu kila ninapofundisha. Mwaka 1964, huko New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa iliyonasa mvumo usioisha, usiku na mchana, kutoka kila upande wa anga. Walikagua nyaya, wakasafisha hadi kinyesi cha njiwa waliokuwa wamejenga humo. Mvumo ukabaki. Ulikuwa ni mnururisho wa kale, nuru iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 tu, ambayo sasa imepoa hadi nyuzi 270 chini ya sifuri na kugeuka mawimbi ya redio. Waulize wazazi wako kuhusu zile chenga za televisheni za zamani, ukiiacha katikati ya stesheni mbili: sehemu ndogo ya chenga zile, kama 1 kati ya 100, ilikuwa nuru hiyo ikiingia sebuleni.

Mnururisho huo una mabaka, mengine ya moto kidogo, mengine ya baridi kidogo. Fizikia inatuambia mabaka makubwa zaidi yalipaswa kuwa na upana gani halisi. Nyoosha mkono wote mbele yako uangalie kidole cha mwisho: upana wake angani ni nyuzi 1 hivi, mara mbili ya mwezi mpevu. Hivyo ndivyo mabaka yale yanavyoonekana, na ndivyo yanavyopaswa kuonekana kama nuru imepita kwenye nafasi iliyonyooka. Nafasi ingekuwa imepinda, yangeonekana makubwa zaidi au madogo zaidi. Puto la utafiti lililoitwa BOOMERanG, lililorushwa Antaktika mwaka 1998, lilipima hivyo, na setilaiti ya Planck ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa mwaka 2009, ikapima kwa umakini zaidi. Tukiunganisha vipimo, nafasi imenyooka kwa kosa lisilofika asilimia 1.

Maana yake nini kwako? Ama ulimwengu hauna mwisho, ama una mwisho lakini ni mkubwa mno kuliko duara letu. Ipo na njia ya tatu: unaweza kuwa na kikomo bila kuwa na ukingo, ukienda mbele moja kwa moja unarudi ulikotoka kwa upande wa pili. Wataalamu wameitafuta hali hiyo kwa sababu ingeacha alama, yaani duara lilelile la mabaka lingeonekana pande mbili tofauti za anga. Wamepekua data ya setilaiti za WMAP na Planck, hawakulikuta. Kama ulimwengu unajizungukia, basi mzunguko huo ni mkubwa kuliko tunavyoweza kuona.

Hadi hapa nimesimama juu ya vipimo. Malimwengu mengine ni eneo la kukisia, na nataka ujue kwamba sasa tumevuka.

Mwaka 1981 mwanafizikia Alan Guth alichapisha wazo kwamba katika sehemu ndogo kabisa ya sekunde ya kwanza nafasi ilifumuka kwa kasi isiyo ya kawaida. Wazo hilo linaeleza vizuri kwa nini nafasi imenyooka na kwa nini joto la mnururisho wa kale linalingana pande zote. Baadaye Andrei Linde na Alexander Vilenkin walionyesha kwamba katika mifano mingi ya mfumuko huo, ukishaanza hauishi kila mahali kwa wakati mmoja. Unakoma hapa, unaendelea kule, na kila unapokoma panazaliwa ulimwengu kama huu wetu, pengine wenye nguvu za asili zilizopangwa tofauti, ambamo hata nyota haziwezi kuwaka. Hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya malimwengu mengi ninayoijua. Hata hivyo imejengwa juu ya hoja nyingine ambayo yenyewe haijathibitishwa.

Kipimo changu kwa makisio yote ni kimoja: yananiambia nikatafute alama gani, na wapi? Kisio hili linaniambia. Kama ulimwengu wetu uliwahi kugongana na jirani yake mwanzoni kabisa, mgongano ungeacha doa la mviringo kwenye mnururisho wa kale. Watafiti wa London walilitafuta kwenye data ya WMAP na kutoa matokeo mwaka 2011. Ushahidi wa kutosha haukupatikana. Kisio lililothubutu kwenda kupimwa nalipa heshima hata likikosa ushahidi. Lisiloonyesha popote pa kulipimia, mimi silifundishi kama sayansi, hata likiwa zuri namna gani.

Na mzee wako wa kazini, mwambie kwa adabu kwamba wacha Mungu waliliuliza swali hili kabla yetu. Lemaître, mmoja wa walioasisi elimu hii, alikuwa padri hadi anakufa. Na zaidi ya miaka 800 iliyopita Fakhr al-Din al-Razi, mfasiri mashuhuri wa Qur'ani, alizipinga hoja za wanafalsafa waliosema haiwezekani kuwe na ulimwengu zaidi ya mmoja. Alisema Mwenyezi Mungu ana uwezo wa kuumba maelfu kwa maelfu ya malimwengu nje ya huu. Hakuona kwamba kuuliza kunampunguzia Mungu kitu.

Jambo la mwisho, kwa kuwa umeniambia nisikufiche. Machi 2014 timu ya darubini ya BICEP2 iliyokuwa Ncha ya Kusini ilitangaza kwamba imeona alama ya mfumuko ule wa mwanzo ndani ya mnururisho wa kale. Dunia nzima ilishangilia. Mwaka uliofuata, walipolinganisha na data ya Planck, ikabainika kwamba walichokiona kingeweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu wenyewe. Kutafuta kunaendelea, sasa kukiwa na darubini za Simons kwenye jangwa la Atacama, Chile. Alama hiyo ikipatikana, mfumuko utakuwa na ushahidi mzito. Malimwengu mengine yatakuwa bado hayajathibitika, kwa kuwa ipo mifano ya mfumuko inayozaa ulimwengu mmoja tu, na mtu akikuambia tayari yamethibitishwa, muulize alama ameiona wapi.