Kabla hujaivalisha suti tanzia ya kale

Waigizaji wenzangu wakianza kupanga kuigiza Shakespeare kisasa, mazungumzo yote huwa ya nguo: nani avae suti, nani ashike bastola, simu iite wakati gani. Huwa nawaomba kwanza waitazame Coriolanus, filamu ya mwaka 2011 ambayo mwigizaji wa Uingereza Ralph Fiennes aliitengeneza kutoka tanzia ya Shakespeare yenye jina hilohilo, halafu ndipo tuongee. Mimi mwenyewe huirudia kila ninapopewa uhusika wa kale.

Tuanze na muda. Fiennes aliigiza Coriolanus jukwaani London mwaka 2000, ndani ya iliyokuwa studio ya filamu ya Gainsborough. Filamu ilitoka miaka kumi na moja baadaye, yeye akiwa mhusika mkuu na pia mwongozaji, kazi ambayo hakuwahi kuifanya kabla. Katikati hapo hakukaa kusubiri. Alikuwa Voldemort, mchawi mwovu kwenye filamu za Harry Potter, na ya mwisho ilitoka mwaka huohuo wa 2011. Kuna wasanii wanaodharau kazi za namna hiyo, eti zinachafua jina. Upuuzi mtupu. Mwenye fedha atakusikiliza vipi ukimpelekea tamthilia iliyoandikwa karibu na mwaka 1608, ambayo hata wapenzi wa Shakespeare wengi hawajaiona, kama jina lako halivuti mtu?

Kwa hiyo chagua uhusika mmoja uwe wako. Ushike mistari yake sasa, uendelee na kazi nyingine, uwe unaurudia. Mistari niliyoihifadhi nikiwa kijana hunitoka tofauti kabisa siku hizi, na sijafanya lolote ila kuongeza umri.

Lugha nayo. John Logan, aliyeandika muswada, alibakiza maneno ya Shakespeare na kukata mengi yaliyoweza kubebwa na picha. Roma yao ilipigwa picha Serbia, mjini Belgrade na kwingineko, watu wakiwa kwenye magwanda na magari ya kijeshi. Habari za vita zinasomwa kwenye televisheni na Jon Snow, aliyekuwa mtangazaji wa kweli wa habari nchini Uingereza wakati huo. Anasoma maneno ya karne nne zilizopita kwa sauti ileile ya taarifa ya jioni, na sikio linayakubali. Coriolanus, jemadari wa Roma, anapofukuzwa mjini, ugomvi unatokea studio, mbele ya watazamaji na maikrofoni.

Hapo nilipata mbinu ninayoitumia mpaka leo. Kila hotuba naiuliza: leo ingetamkwa wapi? Bungeni, msibani, kwenye simu ya usiku? Nikishapajua, naweka kamera ya simu na kuisema kama niko palepale. Mstari unaokataa kutamkika pale naukata. Siuandiki upya, maana ukishachanganya maneno yako na ya Shakespeare, mtazamaji anasikia mshono.

Ninalosisitiza zaidi ni ukimya. Baada ya kufukuzwa, Coriolanus amejiunga na adui yake Aufidius, anayeigizwa na Gerard Butler, na amekuja kuiteketeza Roma. Mama yake Volumnia, ambaye ni Vanessa Redgrave, anamfuata kambini na kumpigia magoti aihurumie Roma. Tamthilia ilivyochapwa mwaka 1623 inatoa agizo fupi kwa mwigizaji: anamshika mama mkono, kimya. Kilele cha tanzia nzima, pale anapomkubalia mama, kinapita bila neno.

Nimeufanyia mazoezi ukimya huo na najua mtego wake: machozi huja mapema. Yazuie. Mama anapoongea, kazi yako ni kukataa, na uendelee kukataa mpaka sentensi yake ya mwisho. Ukilegea tangu ya pili, hana tena wa kumshawishi, naye ana hotuba ndefu mbele yake. (Wapo wanaodhani zamu ya mwenzao kuongea ndiyo zamu yao ya kupumzika. Kamera inawaona.) Jukwaani ukimya huo unahitaji bega na mgongo ili wa safu ya nyuma auone. Kwenye filamu uso unatosha, na ukiongeza kitu utaharibu.

Angalia pia tukio hilo ni la nani. Ni la Redgrave. Fiennes ndiye mwongozaji na ndiye mhusika mkuu, lakini pale anamsikiliza mwenzake. Basi ukiwa wewe ndiye mwenye filamu, tafuta Volumnia wako kabla hujatafuta magwanda, na atafutwe anayekuzidi.