Mhuri mwekundu na chai mezani: majibu kwa wanaoingia China

Tangu nilipotaja, kwa kupita tu, kwamba niliwahi kufanya ukalimani Guangzhou, maswali hayakatiki. Mengi si ya kontena wala bei ya viwandani. Hayo Kariakoo wanayajua kuliko mimi. Yanatoka kwa watu wanaotaka kwenda kinyume chake, wauze huko au wafungue kampuni huko. Na si ajabu, maana tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zikiwamo. Mimi ni mkalimani, si wakili. Kabla hujatoa pesa, tafuta wakili wa huko.

Kaka, tumeletewa mkataba na kampuni ya Shenzhen. Sisi tumesaini kila ukurasa, wao hawajasaini popote, wamegonga mhuri tu. Wakili wetu anataka tuurudishe. Ana haki? (Arusha)

Wakili wenu anafuata mazoea ya kwetu, ambako saini ya mkurugenzi ndiyo roho ya mkataba na mhuri ni pambo. Kule mambo yamegeuka. Kanuni ya Madai ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inakubali saini, mhuri au alama ya kidole, na katika biashara za kila siku mhuri ndio unaoheshimiwa. Kampuni ikigonga mhuri, imesema.

Ila kampuni moja huwa na mihuri kadhaa. Upo gongzhang, mhuri mkuu, wa duara na wino mwekundu, ambao umeandikishwa polisi. Upo wa mikataba, upo wa fedha, upo wa jina la mwakilishi wa kisheria (yule anayetambuliwa kisheria kusema kwa niaba ya kampuni, si wakili), na upo wa fapiao, yaani stakabadhi ya kodi. Wa mikataba au mkuu ndio unaokufaa.

Niliwahi kukaa na mteja wangu, mfanyabiashara wa vigae, katika duka moja kule Foshan. Bei imekubaliwa, chai imenywewa mpaka imekuwa maji. Kijana wa mauzo akafungua droo, akatoa mhuri, akagonga. Mteja akanyoosha mkono kuchukua nakala yake. Mimi nikaangalia umbo: halikuwa duara, lilikuwa kama yai. Nikasoma mstari wa chini: mhuri wa fapiao. Nilipouliza, kijana akacheka, "Si mwekundu uleule?" Tulisubiri karibu saa mbili mpaka mama wa hesabu akaja na pikipiki ya umeme, mhuri mkuu umo ndani ya kimfuko cha kitambaa kama hirizi. Akapanga kurasa zote mithili ya karata zilizofunuliwa, akagonga pembeni ili kila ukurasa ubebe kipande cha mhuri. Huo wanauita mhuri wa mshono. Ukurasa ukichomolewa na kuwekwa mwingine, vipande havikutani tena. Dai huo.

Halafu linganisha jina lililo kwenye mhuri na lililo kwenye leseni, kwa herufi za Kichina. Jina la Kiingereza lililoko kwenye kadi ya biashara halina uzito kisheria. Mtu anaweza kulibuni asubuhi akalibadili jioni. Leseni ina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18, nawe unaweza kuitafuta bure katika rejesta ya taifa ya kampuni mtandaoni. Hapo utamwona pia mwakilishi wa kisheria ni nani, na kampuni imeruhusiwa kufanya nini.

Mtakapofungua kampuni yenu huko, swali la kwanza kwenye kikao liwe: mihuri inalala wapi, na nani ana ufunguo? Aprili 2020, Li Guoqing, mmoja wa waanzilishi wa Dangdang, kampuni ya kuuza vitabu mtandaoni, aliingia ofisini na watu wake akaondoka na makumi ya mihuri, kwa sababu ya mgogoro wa umiliki kati yake na mkewe. Mahakama siku hizi huangalia pia kama aliyegonga alikuwa na mamlaka, lakini hadi hakimu aamue, mwenye mhuri ndiye anayekwenda benki.

Dada yako nauza kahawa iliyokaangwa. Wakala wetu wa Shanghai amesajili nembo yetu kwa jina lake, anasema amefanya hivyo "kutulinda". Nimshukuru au nimshtaki? (Moshi)

Usimshukuru. China mwenye alama ya biashara ni aliyewahi kuiwasilisha, si aliyewahi kuitumia. Wakubwa wameumia pia: mwaka 2012 Apple ililipa dola milioni 60 kumaliza kesi na Proview ya Shenzhen kuhusu jina iPad.

Hata hivyo mlango haujafungwa. Sheria ina kifungu kinachomkataza wakala kujisajilia alama ya anayemwakilisha. Kama maombi yake ndiyo kwanza yametangazwa, una miezi 3 ya kupinga. Kama ameshasajiliwa, una miaka 5 tangu siku ya usajili kuomba ufutwe. Ushahidi wako ni mkataba wa uwakala, ankara, na zile jumbe za WeChat alizokuwa akikuita "bosi". Usifute hata moja. Na kama miaka 3 imepita bila alama hiyo kutumika sokoni, unaweza kuomba ifutwe kwa sababu hiyo pia, japo kwa wakala anayeuza kahawa yako kila siku sina tumaini kubwa na njia hii.

Safari hii sajili wewe. Mgeni asiye na makao China lazima apitie shirika la uwakala wa alama lililoko huko. (Wasomaji wa Kenya wana njia nyingine, maana Kenya imo katika Mfumo wa Madrid, utaratibu wa kimataifa wa kuomba alama ya biashara katika nchi nyingi kwa ombi moja, kwa hiyo maombi yanaweza kuanzia Nairobi.) Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: kahawa ni daraja la 30, mgahawa ni daraja la 43, ukisajili moja, la pili linabaki wazi kwa mwingine.

Na sajili jina la Kichina. Usipojipa, wateja watakupa, na mjanja atalisajili. Michael Jordan alihangaika mahakamani miaka mingi kwa sababu kampuni ya viatu ilikuwa imelisajili jina Qiaodan, ambalo ndilo Wachina wanalomwitia. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ilimrudishia herufi zake za Kichina, lakini tahajia ya Kilatini ya jina hilohilo hakuipata.

Rafiki yangu Mchina anasema sheria haimruhusu mgeni kumiliki kampuni peke yake, kwa hiyo tuandikishe jina lake. Ni rafiki wa kweli, tumekula pamoja miaka. (Lubumbashi)

Ndugu, chakula mmekula, lakini sheria hajaisoma, au ameisoma. Sheria ya Uwekezaji wa Kigeni, iliyoanza tarehe 1 Januari 2020, inamtendea mgeni kama mwenyeji, isipokuwa katika sekta zilizotajwa kwenye orodha ya makatazo. Toleo lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 lina vipengele 29 tu, na viwanda vya uzalishaji vimeondolewa vyote. Kuagiza na kuuza bidhaa za kawaida unaweza kumiliki kwa asilimia 100.

Ukiandika jina lake, kampuni ni yake. Karatasi ya pembeni mliyoandikiana inaweza kukusaidia mahakamani na inaweza isikusaidie, na wewe utakuwa mgeni unayeeleza kwa nini ulijificha.

Jihadhari pia na mtaji. Zamani watu waliandika mtaji mkubwa wa kupendezesha leseni, wakijua hakuna atakayeudai karibuni. Sheria ya Kampuni iliyorekebishwa imeanza tarehe 1 Julai 2024, na kampuni mpya inatakiwa kulipa mtaji wote ulioandikishwa ndani ya miaka 5. Andika unachoweza kulipa.

Ubia wa kweli si dhambi. Ila usome habari ya Danone ya Ufaransa na Wahaha, kampuni ya vinywaji ya China: waliungana mwaka 1996, Wafaransa wakaja kufikia asilimia 51, wakadhani wameshika usukani. Kumbe mwenzao, Zong Qinghou, alikuwa na viwanda vingine nje ya ubia vikiuza kinywaji kwa jina lilelile. Kesi zikafunguliwa nchi kadhaa, na mwaka 2009 Danone ikauza hisa zake ikaondoka.

Assalaam alaykum. Nimealikwa chakula cha jioni na wenyeji wa Guangzhou. Situmii pombe. Naambiwa nikikataa biashara imekufa. (Unguja)

Waalaykum salaam. Haijafa. Wao wenyewe wana msemo wa shughuli hii, yi cha dai jiu, "chai mahali pa pombe". Useme mapema, kabla glasi hazijamiminwa, kwa tabasamu na bila hotuba. Kinachowaudhi ni mtu kukataa katikati, wakati mkubwa wao ameshasimama na glasi mkononi. Hapo unamvunjia mianzi, yaani heshima yake mbele za watu, na hilo halisahauliki upesi.

Mengine ni adabu ambazo Mswahili anazo tayari. Mwenyeji kwa kawaida hukaa akitazama mlango, na mgeni mkuu hukaa kuliani kwake. Subiri uonyeshwe kiti. Kadi ya biashara pokea kwa mikono miwili, uisome, usiisukumize mfukoni. Mkigonganisha, ukingo wa kikombe chako uwe chini kidogo ya wa mkubwa wako. Nimeona wazee wawili wakishushiana glasi kwa kuheshimiana mpaka zikafika usawa wa meza, kila mmoja amekataa kuwa juu.

Chakula halali kinaitwa qingzhen. Waambie siku moja kabla. Guangzhou ni mji wenye Waislamu tangu enzi za kale, hawatashangaa. Wala usitegemee bei kujadiliwa mezani. Usiku ule wanakupima wewe.

Tumepeleka pendekezo. Kila tukiuliza wanajibu "tutalichunguza". Miezi minne sasa. (Kampala)

Wameshakataa.

Meneja wa ununuzi upande wa pili amedokeza "asante" yake ya asilimia tatu, iende kwenye simu yake binafsi. Si ndiyo hiyo guanxi? (Nairobi)

Hapana, hiyo ni hongo, na ina jina hilohilo katika sheria yao ya ushindani usio halali. Guanxi ni kujuana kwa muda mrefu na kufaana: unampokea mtoto wake uwanja wa ndege, naye anakupigia simu mzigo unapokwama. Kumlipa mfanyakazi ili aegemee upande wako ni kitu kingine, hata kama anayeomba anatabasamu. Septemba 2014 mahakama ya Changsha iliitoza GlaxoSmithKline, kampuni ya dawa ya Uingereza, faini ya yuan bilioni 3 kwa kuhonga madaktari na hospitali, na aliyekuwa mkuu wake China, Mwingereza, akafukuzwa nchini.

Punguzo linaruhusiwa, mradi liandikwe kwenye mkataba na kwenye vitabu vya pande zote mbili. Zawadi ndogo pia: majani ya chai ya Kericho, kikapu cha kiondo. Usipeleke saa ya ukutani. Kwa Kichina, "kupeleka saa" hutamkwa sawa na kumsindikiza mtu kaburini.

Mkataba wetu unasema migogoro itaamuliwa na mahakama za Dar es Salaam. Tumejilinda? (Dar es Salaam)

Mmejilinda dhidi ya mtu ambaye mali yake iko Dar. Kama ghala na akaunti zake ziko Ningbo, mtashinda kesi, mtapata hukumu yenye mihuri mizuri, halafu mtaanza safari mpya ya kuishawishi mahakama ya China iitambue. Uamuzi wa usuluhishi, yaani wa msuluhishi mliyemkubali nje ya mahakama, husafiri vizuri zaidi, kwa kuwa Mkataba wa New York unazitaka nchi wanachama kuutambua: Tanzania iliuridhia mwaka 1964, China ikajiunga mwaka 1987, Kenya mwaka 1989. Taja taasisi ya usuluhishi kwa jina, kwa mfano CIETAC, tume ya usuluhishi wa biashara ya Beijing, au kituo cha usuluhishi cha Hong Kong. "Usuluhishi China" peke yake ni maneno yenye kesi ndani.

Na msiogope mahakama zao kupita kiasi. Kumshtaki mdaiwa kwao kuna faida moja kubwa: hakimu anaweza kuzuia akaunti yake kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Kwa mkataba wa kupelekwa huko, andikeni kwa Kichina pamoja na Kiingereza, na mtamke ipi itafuatwa zikipishana.

Upande wa pili wa shilingi: mgeni mwenye kesi ya madai China anaweza kuzuiwa na mahakama kutoka nchini mpaka iishe. Nimewajua wenzetu waliojua habari hiyo wakiwa kwenye dawati la uhamiaji, begi limeshapita.

Maswali mawili kwa haraka. Faida tutaitoaje? Na mfanyakazi asiyefaa tunaweza kumwondoa? (Kigali)

Faida hutoka mara moja kwa mwaka, baada ya ukaguzi wa hesabu na kodi ya mapato, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 25. Kisha asilimia 10 ya kilichobaki inakwenda akiba mpaka ifike nusu ya mtaji, na gawio linalovuka mpaka hukatwa kwa kawaida asilimia 10 nyingine. Mnaotaka kutoa kila mwezi, mtasubiri.

Mfanyakazi mpe mkataba wa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Ukichelewa, sheria ya mwaka 2008 inakudai mshahara mara mbili kwa miezi uliyochelewa. Kumwondoa kunataka sababu iliyomo kwenye sheria, na mara nyingi fidia ya mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya kazi.

Tumepanga kwenda kusaini mwishoni mwa Januari, tiketi bado hatujakata. (Mbeya)

Msikate. Angalieni kwanza Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia lini. Ni kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, hubadilika kila mwaka. Ofisi huanza kupwaya wiki mbili kabla, na viwanda vingi havirudi sawasawa mpaka sikukuu ya taa, siku ya 15 ya mwaka huo. Mtafika, mtakaribishwa chai, bei mtakubaliana. Lakini mama mwenye ufunguo wa droo ya mhuri atakuwa ameshapanda treni kwenda kwao Hunan.