Mchawi wako akifika ngazi ya 9: kwa msimamizi mpya wa mchezo

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na msimamizi hutunga safari yao, mchawi akifika ngazi ya 9, jiandae kumsikia akiomba mduara wa kusafiria (Teleportation Circle), uchawi unaofungua lango la kumfikisha mtu mbali papo hapo. Hapa Tanga nimeona wasimamizi wapya wakiupiga marufuku siku hiyohiyo, wakihofia kwamba safari waliyoitunga wiki nzima itamalizwa kwa dakika moja. Usiukataze. Soma kwanza masharti yake katika kanuni za toleo la 5, maana utamu wote umo humo.

Mduara huchorwa chini, upana futi 10, kwa chaki na wino wenye vito vya thamani ya sarafu 50 za dhahabu, na vyote huteketea. Kuuchora huchukua dakika nzima, yaani mizunguko 10 ya mapigano, kwa hiyo hakuna wa kuukimbilia vita ikishapamba moto. Lango likifunguka hudumu hadi mwisho wa zamu inayofuata ya mchawi, aliyezubaa ameachwa. Tena haliendi kokote. Linafika tu kwenye mduara wa kudumu ulio katika ulimwengu uleule, na sharti mchawi ajue mfuatano wa alama zake. Akijifunza uchawi huu anapata alama za sehemu 2, nawe ndiwe unayezichagua. Nyingine akazitafute.

Hapo ndipo pa kuweka nguvu zako. Alama ni siri, na siri ina mwenyewe. Ramani yangu ni pwani yetu iliyobadilishwa kidogo, na mduara mmoja nimeuweka ndani ya mapango kama ya Amboni. Wachezaji wa hapa wamekua wakisikia kwamba njia za chini kwa chini za Amboni zinatokea Mombasa, wengine husema hadi Kilimanjaro, na wanajua kuna watu hupeleka sadaka kwa mizimu humo. Mlinzi wa pango akisema alama haonyeshwi mtu aliyekuja mikono mitupu, hakuna anayebisha. Mduara mwingine upo katikati ya makaburi ya nguzo, mfano wa yale ya Tongoni. Kanuni inamtaka mchawi autazame dakika moja tu ndipo aukariri, lakini ataipata wapi dakika hiyo mbele ya wenye makaburi? Swali hilo peke yake linatosha kikao kizima.

Kisha fikiria upande wa pili. Mduara wa kudumu kwa kawaida uko hekaluni au kwenye jumba la chama fulani, na wageni wanaibuka ndani bila kupiga hodi. Kwetu hilo ni utovu wa adabu, acha walitambue! Mwenye nyumba aweke walinzi, atoze ushuru, au awapokee vizuri kisha awadai fadhila baadaye. Mimi huipenda zaidi hiyo ya fadhila, kwa sababu mchezaji haisahau.

Wakitaka mduara wao wenyewe, waruhusu. Mchawi afanye uchawi huo mahali palepale kila siku kwa mwaka mzima: siku 365 kwa sarafu 50 ni sarafu 18,250. Nani atamlinda mwaka wote huo, na fedha zitatoka wapi? Waulize, halafu kaa kimya wajadiliane.

Lango kuu (Gate), uchawi mwingine wa daraja la 9 unaofungua njia kati ya ulimwengu mmoja na mwingine, liache hadi mchawi afike ngazi ya 17. Linahitaji almasi ya sarafu 5,000, ambayo haiteketei, na mchawi akipoteza umakini linafunga. Ukubwa wake upo kwenye jina: akitaja jina la kweli la kiumbe aliye ulimwengu mwingine, lango humfungukia ubavuni na kumvuta hadi huku. Akishafika, hana wajibu wa kumtii aliyemwita. Basi majina ya kweli yafiche mbali mapema, tangu wakiwa ngazi za chini, na kabla hawajalipata hata moja uwe umeshaamua huyo aliyeitwa atasema nini akitia mguu huku.