Kabla hujafuta diski, iulize jina

Tarakimu moja ilinigharimu wikiendi nzima. Nilikusudia kusafisha diski ya anwani 151 (nambari ambayo mashine huitambulia diski), vidole vikaandika 150, na 150 ndiyo diski niliyokuwa nimetoka kuihamishia mfumo kutoka kwenye tepu. Ilikuwa saa saba za usiku, nyumbani Jinja. Diski ikafutika bila kelele yoyote.

Mfumo wenyewe ni MVS 3.8j, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM wa mwaka 1981, ambao leo unapatikana bila malipo. Mashine yake sina. Natumia Hercules, programu iliyoanzishwa na Roger Bowler, inayoiga mashine hizo ndani ya laptopu ya kawaida. Tepu inakuwa faili, diski inakuwa faili, lakini hatua za kuhamisha ni zile zile za waendeshaji wa enzi hizo, na makosa yao pia yanakungoja.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta Kampala aliniuliza, "Mjomba, si kuna ulio tayari? Unapakua, unawasha, basi."

Upo, na kwa mtu anayetaka kuandika programu za lugha ya COBOL tu unamtosha. Lakini kama unataka kujua mashine hizi zinaamkaje, anza na tepu.

Kwanza kagua tepu zako. Fungua faili kwa programu inayoonyesha baiti. Kwa faili za aina ya AWS, muundo wa kuhifadhi tepu kama faili, kila bloku hutanguliwa na baiti 6 zinazotaja urefu wake. Baada ya hizo, tepu yenye lebo ya kawaida huanza na rikodi ya baiti 80, na baiti zake 4 za kwanza ni E5 D6 D3 F1, yaani VOL1 kwa EBCDIC, namna ya IBM ya kuandika herufi kwa baiti. Ukikuta 56 4F 4C 31 mahali hapo, kuna aliyeigeuza njiani kuwa ASCII, namna ya kompyuta za kawaida, na tepu hiyo haifai tena. Tafuta nakala nyingine, usijaribu kuitibu.

Sasa diski. Diski mpya haina kitu, kwa hiyo hakuna mfumo wa kuisaidia. Unapoiamuru mashine iwake kutoka kwenye kifaa fulani, inasoma baiti 24 tu, inaziweka mwanzo kabisa wa kumbukumbu, na ndani yake mna amri za kusoma kinachofuata. Programu ndogo inajivuta yenyewe ndani namna hiyo. Hapa utazihitaji mbili: IBCDASDI, inayoiandaa diski na kuiandikia jina, na IBCDMPRS, inayomimina yaliyomo kwenye tepu juu ya diski hiyo. Zote mbili hufanya kazi bila mfumo endeshi.

Na hapa ndipo nilipoumia. IBCDASDI inakupa nafasi ya kutaja jina la sasa la diski, ilinganishe kabla ya kufuta. Jina lisipolingana, inakataa. Pia inakuruhusu kuiambia isilinganishe chochote, na mimi nilikuwa nimeandika hivyo kwenye kadi zote (mistari ya maagizo, ambayo zamani ilitobolewa kwenye kadi za karatasi) kwa sababu mara ya kwanza diski zilikuwa tupu. Nakuomba sana: ruhusa hiyo itumie mara moja tu, kwa diski mpya. Baada ya hapo taja jina, START1 au SPOOL0, kila mara.

Ukiona IBC105A kwenye konsoli, programu inataka uiambie kadi zake za maagizo zisomwe wapi. Jibu, kisha usiguse kitu mpaka IBC163A itokee, yaani kazi imekwisha. Nimeona watu wakidhani imekwama, wakazima.

Suala la umeme wengi wenu mnalijua kuliko mimi. Mfumo wa kuanzia, yaani ule unaotoka kwenye tepu na kutumika kujenga mfumo kamili, hukaa kwenye diski za IBM za aina ya 3330, na kila moja ni kama megabaiti 100, hivyo kuinakili kwenye flashi ni jambo la muda mfupi sana. Nakili baada ya kila hatua, Hercules ikiwa imezimwa kabisa. Nakala iliyochukuliwa diski ikiandikwa siiamini hata kidogo. Mimi umeme ulinikatikia kazi za ujenzi wa mfumo kamili zikiendelea, betri ya laptopu imechoka, na nilirudi nyuma hatua moja badala ya kuanza tena kwenye tepu.

Mara ya kwanza kuwasha mfumo wa kuanzia, JES2, sehemu yake inayosimamia foleni za kazi, itakuuliza chaguo zako kwa ujumbe wa $HASP426. Jibu `r 0,format,noreq`. Neno format linaandaa eneo la foleni za kazi. Mara zinazofuata usiliandike, la sivyo kazi zote zilizokuwa zinasubiri zinapotea.

Siku hizi nina daftari kando ya laptopu, kila diski na mstari wake: anwani, jina, aina, tarehe ya nakala ya mwisho. Mstari wa 150 nimeuzungushia wino mwekundu. Mpwa wangu amekuja likizo na tayari ameshaliazima.