Mama yako ataishi bila kifuko cha nyongo: niliyopitia mimi tangu 2020

Mdogo wangu, pole sana, na mfikishie mama pole yangu. Nimekusoma vizuri: mama ana miaka 61, ana kisukari, ultrasaundi imeonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo na daktari ameshauri upasuaji. Shangazi yenu anataka apewe mafuta ya zeituni na ndimu ili mawe yatoke kwa choo. Mama mwenyewe analia kwamba mtu asiye na nyongo hali tena nyama wala hashiki jembe. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hayo yote nimeyapitia, na hofu hiyo hiyo ya mama ilinichelewesha mimi mwaka mzima.

Mimi ni mama lishe hapa Morogoro, nina miaka 46 na watoto wanne. Maumivu yalinianza 2016, wakati mtoto wa mwisho ana miezi saba. Yalikuwa yanakuja usiku wa manane, hasa siku niliyokula vizuri jioni. Yanaanzia kwenye chembe ya moyo, yanahamia chini ya mbavu za kulia, halafu yanachoma mpaka nyuma ya bega. Si kama tumbo la kuhara linalosokota na kuachia. Haya yanapanda, yakishafika juu yanakaa hapo hapo saa mbili au tatu, kisha yanaondoka yenyewe na asubuhi unaamka kama hujaumwa. Mume wangu alikuwa ananikuta nimeinama, mikono yote miwili ukutani, kanga nimeing'ata ili watoto wasisikie.

Kila mtu alisema vidonda vya tumbo. Miaka mitatu nzima! Nilimeza dozi za kuua bakteria wa vidonda mara mbili, omeprazoli, vidonge vya kupunguza asidi tumboni, sikumbuki paketi ngapi, nikaacha maharage, pilipili na ndimu. Vya kukaanga sikuviacha, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Zahanati niliyokuwa naenda nikishika chembe ya moyo tu, karatasi ishaandikwa. Hakuna aliyeniuliza kunauma saa ngapi na nilikuwa nimekula nini. Mpaka 2019 daktari mmoja kijana akaweka vidole chini ya mbavu zangu za kulia, akaniambia nivute pumzi ndani taratibu. Pumzi ikakatikia njiani, sikuweza kuimalizia. Akaandika ultrasaundi hapo hapo, akasema nije bila kula tangu usiku, kwa sababu ukila kifuko kinajikamua na hakionekani vizuri. Mawe yakaonekana.

Sasa hiyo hofu ya mama. Mimi nyongo nilikuwa naijua ya kuku. Tangu mdogo ukipewa kuku umchambue unaambiwa angalia usipasue nyongo, nyama yote itakuwa chungu. Kwa hiyo niliposikia natakiwa kutolewa, nikajua natolewa nyongo yenyewe. Sivyo. Nyongo inatengenezwa na ini, kama nusu lita hadi lita moja kwa siku. Kifuko ni ghala tu, na ni ghala dogo, kinabeba kama vijiko viwili vitatu vya chakula. Ukila mafuta kinajikamua ili nyongo ikayavunje vunje. Kikitolewa, ini linaendelea na kazi yake, ila nyongo inateremka moja kwa moja kwenye utumbo, kidogo kidogo, mchana na usiku. Kaka yangu ni bwana mifugo, akaniambia: punda hana kifuko cha nyongo, farasi hana, njiwa hana. Mimi nimekulia Gairo, punda namjua, namjua anavyobeba madumu ya maji kutwa. Neno hilo la punda lilinituliza kuliko yote niliyoambiwa hospitali, na naomba umpelekee mama kama lilivyo. Mwambie pia si upasuaji wa kujaribia watu. Mara ya kwanza ulifanyika Berlin mwaka 1882, na ule wa matundu, wa kupitishia vifaa kwenye vitundu vidogo badala ya kufungua tumbo, ulianzia huko huko Ujerumani mwaka 1985.

Mafuta ya zeituni na ndimu nilikunywa. Nilikaa na njaa, nikanywa usiku, asubuhi nikaona vibonge vya kijani vinaelea chooni, nikafurahi mpaka machozi. Nikaenda ultrasaundi kwa hela yangu mwenyewe: mawe yote yapo palepale. Daktari akanieleza kwamba vile vibonge ni mafuta yenyewe yaliyochanganyika na ndimu tumboni yakaganda kama sabuni. Na ubaya wake si wa kupoteza hela tu. Mafuta mengi kwa mkupuo yanakikamua kifuko kwa nguvu, na jiwe dogo linaweza kusukumwa likakwama kwenye mrija. Hapo ndipo macho yanageuka njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinapauka kama udongo mweupe, na kongosho linaweza kuvimba. Mwelezeni shangazi kwa heshima, anampenda wifi yake, lakini hilo msilifanye. Vipo vidonge vya hospitali vinavyoyeyusha mawe madogo ya kolesteroli, ila vinachukua miezi mingi na mara nyingi mawe yanarudi. Ninyi daktari ameshasema upasuaji, na mama anaumwa. Usimwache asubiri kama nilivyosubiri mimi.

Maana mimi nilisubiri. Katikati ya 2020 maumivu yalikuja yakakataa kuondoka, siku mbili, na homa ya kutetemeka na kutapika. Kifuko kilikuwa kimeshika maambukizi. Nililazwa, dripu na antibiotiki, nikaruhusiwa, na baada ya wiki sita nikarudi kupasuliwa. Mpango ulikuwa wa matundu, lakini kifuko kilikuwa kimeshagandana na utumbo, ikabidi wafungue. Nina kovu la shibiri moja chini ya mbavu. Ningekwenda 2019 huenda ningekuwa na vialama vinne tu kama mdogo wangu wa tumbo moja, naye alitolewa kifuko. Mama kwa vile ana kisukari, hili ni zito zaidi kwake, kwa sababu maambukizi kwa mwenye sukari yanaweza kwenda mbali kabla hamjashtuka. Daktari wa upasuaji na wa nusu kaputi wajue dawa zake zote, za sukari na nyingine, na wao ndio waseme ipi aache asubuhi ya siku hiyo.

Huyo mdogo wangu wa tumbo moja alifanyiwa Dar mwaka 2022, matundu manne, kesho yake akarudi nyumbani. (Kwetu yanaonekana ni ya ukoo, na kweli mawe haya hupenda familia, wanawake zaidi. Wenye watoto wa selimundu nao wakae macho, kwa sababu chembe nyekundu zinazovunjika zinaacha rangi inayotengeneza mawe, hata kwa mtoto.) Usiku wa kwanza akanipigia analia, bega la kulia linauma kuliko tumbo, akidhani wamekosea. Ni gesi. Wanaijaza tumboni ili waone vizuri, na inayobaki inasumbua chini ya mapafu, maumivu yanasikika begani. Kutembea tembea ndani kulimsaidia, siku ya tatu likaisha. Mimi nilikaa wodini siku tano, na mrija wa kutoa maji ubavuni kwa siku mbili. Nesi alinipa siri moja nzuri: chukua mto mdogo, ukitaka kukohoa, kucheka au kuinuka kitandani, ubane kwenye kidonda. Mpelekee mama mto.

Mawe yangu walinipa kwenye kichupa. Kumi na moja, ya kahawia, mengi saizi ya kunde, moja kama mbegu ya ubuyu. Nilimwonyesha kila aliyeniambia ni vidonda.

Sasa chakula, maana hapo ndipo watu wanaachwa wenyewe. Mimi niliambiwa "usile mafuta" nikaruhusiwa. Wiki ya kwanza nilikula uji mwepesi, wali laini, viazi vya kuchemsha, ndizi, papai, supu ya kuku niliyoiacha ipoe nikaengua mafuta yote juu. Ikaenda vizuri. Kosa nililifanya mwezi wa pili kwenye send-off ya binti wa jirani. Nilijiona nimepona, nikala sahani ya pilau na nyama ya mbuzi ya mafuta. Hazikupita dakika ishirini, tumbo likanguruma, nikatoka ukumbini mbio. Choo cha maji, cha njano, kinachounguza.

Nikaanza kuandika nyuma ya daftari la mauzo: nimekula nini, saa ngapi, tumbo limesemaje. Baada ya wiki tatu nikaona kitu. Haikuwa mafuta kuyaacha kabisa, ilikuwa ni kiasi cha mafuta kwa mlo mmoja. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye mchicha hakikunisumbua. Samaki wa kukaanga pamoja na mchuzi wa nazi, shida. Samaki wa nazi aliyepikwa kwa tui la pili, lile jepesi, hana neno. Wa tui la kwanza, nakimbia. Kahawa asubuhi kabla ya kula, nakimbia. Nikagawa milo, badala ya miwili mikubwa nikala minne midogo. Uji wa ulezi, ndizi na maboga nikaongeza pole pole, kwa sababu nyuzinyuzi ukizirudisha kwa pupa zinajaza gesi. Mwezi wa tano nilikula chapati moja, nikasubiri, kimya. Leo nakula karibu kila kitu, ila tui zito na utumbo wa ng'ombe nimeviweka vya kuonja.

Mdogo wangu mwenye vialama vinne, ambaye ngozi yake ilipona haraka kuliko yangu, alihara kila asubuhi miezi minne. Alikuwa anaogopa kupanda daladala. Alidhani ni kitu cha kuvumilia. Aliporudi kliniki akaelezwa kwamba nyongo nyingi inapita mpaka utumbo mpana na kuvuta maji, akapewa dawa ya unga, kolestiramini, inayoinasa nyongo. Ndani ya wiki choo kikashika. Dawa hiyo hainywewi pamoja na nyingine kwa sababu inazinasa nazo, kwa hiyo mama akija kupewa, daktari ampangie saa mbalimbali na za sukari. Ukubwa wa kidonda hauelezi tumbo litafanyaje, na mama akihara zaidi ya wiki chache asikae kimya kwa aibu.

Akirudi nyumbani, vitu vya kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo ni homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kidonda kutoa usaha au maji ya kijani, kutapika kusikokoma, na macho ya njano. Jiwe linaweza kuwa limebaki kwenye mrija hata kama kifuko kimeshatoka.

Na kuhusu jembe. Mimi kwa upasuaji wa kufungua nilikatazwa kubeba kizito wiki sita, nikaongeza mbili mwenyewe. Mwanangu mkubwa ndiye aliyekuwa ananyanyua sufuria. Wiki ya tisa nilisonga ugali wa watu thelathini peke yangu, mkono wa kulia ule ule, na jioni nikalala. Mama mpangieni apasuliwe mkishavuna, shamba litakuwa limelala, naye alale, kama daktari anakubali kusubiri hadi hapo. Daktari akikataa, apasuliwe sasa na ninyi mvune.