Swali la lugha: Je, Disney ina "hakimiliki" ya Hakuna Matata?

Swali: Nimesoma kwamba Disney ina "hakimiliki" ya maneno Hakuna Matata. Kwingine wameandika "hataza". Mimi nimezoea kusema "nembo". Lipi sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Yote matatu hayafai hapo, ndugu msomaji, ingawa lako liko karibu kidogo.

Hakimiliki hulinda kazi kama utenzi, wimbo, picha au programu ya kompyuta. Hataza hupewa mvumbuzi wa kitu kipya. Nembo ni mchoro. Inaweza kusajiliwa, lakini hata neno tupu lisilo na mchoro linasajilika. Jina linalokusanya nembo na neno la namna hiyo ni alama ya biashara. BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, husema "alama za biashara na huduma", kwa kuwa sheria ya Tanzania ya 1986 inagusa pia huduma, mathalani za benki au hoteli. Tahadhari na "jina la biashara": hilo ni jina unaloandikisha ili ufanye biashara, na wapo wengi wanaodhani wakishaliandikisha alama yao imelindwa. Sivyo.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni kitenzi. "Disney inamiliki Hakuna Matata" ndiyo sentensi iliyowachoma watu mwaka 2018, wakatia saini kwa maelfu kupinga. Hasira yao naielewa: maneno ni ya watu. Lakini kilichotokea ni hiki: Disney iliomba usajili Marekani mwaka 1994, ilipotoka filamu ya The Lion King, ikaupata mwaka 2003, kwa ajili ya nguo. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka maneno hayo, wala haumfikii muuza fulana wa Mombasa anayeuza Mombasa. Akizipeleka kuziuza Marekani, hapo ajiandae kwa barua ya wakili. Kwa hiyo andika: "Disney imesajili Hakuna Matata nchini Marekani kuwa alama ya biashara ya nguo." Ni ndefu, na mhariri wa vichwa vya habari atanung'unika, lakini ukiondoa nchi au bidhaa umeandika jambo jingine kabisa.

Kikoi nacho kilipigiwa kelele hizohizo mwaka 2007, kampuni moja ilipotaka kusajili neno "Kikoy" Uingereza. Vichwa vya habari vilisema kikoi kimeibwa, ilhali lilikuwa ombi tu, tena lenye wapinzani. "Imeomba kusajili" na "imesajili" ni hatua mbili, na kati yake watu hupewa nafasi ya kupinga.

Usiandike pia "alama iliyosajiliwa duniani kote". Mfumo wa Madrid, ambao Kenya imo, humwezesha mtu kupeleka ombi moja likazifikia nchi nyingi, lakini kila nchi huamua kivyake kukubali au kukataa. "Usajili wa kimataifa" unapita, maana ndivyo mfumo wenyewe unavyoitwa. Mradi utaje na nchi zilizoombwa.

Na waandishi wa kwetu wanaosema alama fulani "imesajiliwa Tanzania" wauangalie kwanza huo usajili ulitoka wapi. Ukitoka BRELA, andika "Tanzania Bara". Zanzibar ina sheria yake na daftari lake, na mwenye alama anayetaka kulindwa Unguja na Pemba huomba huko upya.