Namba ya probu ikishuka usikimbilie kuirekebisha, andika kwanza

Juzi kijana mmoja fundi instrumenti, yaani wa vifaa vya kupimia, kaniandikia inbox: "Shikamoo kaka, probu ya kondaktiviti kwenye boila yetu inasoma vizuri tu, supavaiza anasema nisiiguse mpaka iharibike, we unaonaje?" Hiyo probu ni kijiti ndani ya boila, lile tangi la kutengeneza mvuke, kinachopima maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi namba inapanda. Nimesoma ujumbe wake nikaumia, maana na mimi bosi alishanipa ushauri mbovu wa probu na nikatii.

Mwaka 2017 nilikuwa kiwanda cha nguo, boila inakula maji ya kisima, na visima vya pwani mnavijua kwa chumvi. Probu ndo inayopima chumvi iliyojikusanya ndani, ikifika 5000 maikrosimensi (kipimo cha maji kupitisha umeme) valvu ya blodauni, ile ya kumwaga maji ya chumvi, inafunguka, maji yanapunguzwa. Sasa kila nikipima sampuli kwa mita ya mkono naikuta probu iko chini, leo pungufu mia, wiki ijayo mia mbili, bosi wa shifti ananiambia we ilinganishe tu na mita. Nabonyeza transmita, kile kifaa kinachoonyesha namba ya probu, inalingana, naondoka zangu. Siandiki popote! Kila nilivyolinganisha ndivyo nilivyofuta ushahidi kwamba kuna kitu kinaota mle ndani.

Nikaenda likizo wiki tatu. Narudi nakuta skrini inasema 4200, imetulia tuli, valvu haijafunguka siku kadhaa, huku maji kwenye kioo cha kuonyesha kina yanarukaruka, boila inatoa povu, mvuke unabeba maji mpaka kwenye mashine za kukaushia na vitambaa vinatoka na madoa. Tulipozima tukaichomoa probu ilikuwa na ukoga mweupe mgumu, kama ule wa birika la chai la miaka mingi, umeifunika ncha yote. Ukoga haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo probu inaona chumvi kidogo wakati boila imejaa. Barua ya onyo nikapewa mimi, na yule aliyekuwa akiniambia ilinganishe alikaa kimya palepale mezani. Mpaka leo sijasahau.

Toka hapo nina daftari. Kila Jumatatu nachukua sampuli, naipooza, napima kwa mita ya mkono, naandika namba ya probu na namba ya mita, nagawanya. Mwezi uliopita nilipata 98 kwa mia, 97, 97, halafu 94, halafu 90. Jamani hiyo 90 ndo ilinipa raha kuliko mshahara, kwa sababu skrini ilikuwa inaonyesha namba nzuri kabisa na hakuna aliyelalamika. Nikajua ukoga umeanza, nikaenda moja kwa moja kwenye softna, mtambo unaoondoa ugumu wa maji, kumbe tanki lake la chumvi ni tupu, maji magumu yanapita tu kwenda kwenye boila. Tukajaza, Jumapili boila ikazimwa kwa mpango wetu wenyewe, ikapoa, presha ikaisha, probu ikaoshwa kwa asidi nyepesi. Msikwangue kwa brashi ya waya, mnaharibu uso wa elektrodi.

Ila mita ya mkono nayo ikikudanganya umekwisha. Ipime kwa standadi, yaani maji maalumu ya chupa yenye namba inayojulikana, ya 1413, na kwa maji ya boila ongeza ile ya 12,880, maana 5000 inakaa katikati yao. Na ile 1413 ni ya nyuzi 25, karakana ya Dar mchana ina joto zaidi, kila nyuzi moja inapandisha kama asilimia 2, kwa hiyo kama mita haifidii joto itasoma zaidi ya 1500 na we utaishusha bure. Soma jedwali la namba kwa kila nyuzi joto lililoko kwenye chupa. Tikisa mita viputo vya hewa vitoke, na standadi uliyoimimina kwenye kikombe usiirudishe chupani.

Mafundi wenzangu, sote tunataka kuitwa wataalamu, tunataka zile kazi za mishahara mizuri, lakini huwezi kuwa mtaalamu wa kubonyeza kitufe. Andika kabla ya kugusa. Nasema tena, andika kabla ya kugusa, hata bosi akikusimamia kichwani.

We mdogo wangu wa inbox, supavaiza usibishane naye. Kesho ukiingia shifti chukua sampuli moja, ipooze, andika namba mbili na tarehe, transmita uiache kama ilivyo. Ukifikisha wiki ya nne nitumie picha ya ukurasa huo tuusome pamoja.